Usiache Sigara kwa Siri

Wadogo zangu, leo yaya wenu ana neno na wale wanaotaka kuacha sigara, na zaidi wale walioiacha jana au juzi, ambao hata sasa wanasoma huku mkono ukipapasa mfuko wa shati. Neno lenyewe ni fupi: usiiache kwa siri.

Sababu za siri nazijua. Mtu wa kwetu Tenke, awe mchimbaji, dereva wa lori au muuzaji wa mafuta kando ya barabara ya Fungurume, anaogopa kuchekwa. Pengine alishatangaza mbele ya wenzake, akashindwa, wakamtania wiki nzima. Safari hii anasema moyoni: nitaacha kimya kimya, nikishinda ndipo niwaambie. Asubuhi anafika kazini, baridi ya mwezi wa saba, wenzake wamezunguka mbabula. Mmoja anavuta mara mbili tatu, kisha anamnyoshea kipande kilichobaki, maana ndivyo walivyozoeana. Mwenzake huyo hana kosa, kwa sababu hajui. Huku kwetu kuachiana kipande ni upendo, na ukikikataa bila kusema kitu, mtu atajiuliza umemkasirikia nini. Basi kijana anakipokea asije akamuudhi rafiki yake, na siku yake ya pili bila sigara inakwisha hapo hapo.

Mnaona shida ilipo? Kijana yule hakukosa nia. Alichokosa ni mtu mmoja pale kwenye makaa wa kusema, "Huyu musimpe, ameacha."

Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Marekani, Nicholas Christakis na James Fowler, walichapisha utafiti ambao mimi naupenda sana. Walifuata watu 12,067 wa Framingham, mji ulio karibu na Boston, kuanzia mwaka 1971 hadi 2003, wakiangalia nani anavuta, nani ameacha, na nani ni ndugu, rafiki au jirani wa nani. Waliona kwamba mume au mke akiacha, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta unapungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, unapungua kwa asilimia 36. Ndugu wa tumbo moja, asilimia 25. Na wafanyakazi wa kampuni ndogo, wale wanaoonana kila siku, asilimia 34. Watu waliacha kwa makundi, kundi zima la marafiki likitoka kwenye sigara karibu wakati mmoja. Sasa mfikirie kikosi cha wachimbaji sita au wanane wanaoshuka shimo moja, wanaokula bukari kwenye sahani moja na kugawana pesa jioni ile ile. Hiyo ni zaidi ya kampuni ndogo. Mkikubaliana watatu tu kati yenu, mbabula ya asubuhi imeshabadilika.

Basi anza hivi. Chagua watu wawili. Wa kwanza awe anayevuta na anayetaka kuacha, muache pamoja siku ile ile. Wa pili awe mtu asiyevuta au aliyeacha zamani, mwenye maneno machache na simu inayopatikana. Waambie wazi: "Nimeacha sigara. Usinipe hata nikikuomba." Maneno hayo ya mwisho usiyasahau, maana siku ya pili utaomba, na utaomba kwa sababu nzuri sana: kichwa kinauma, kapita amekufokea, mtoto anaumwa. Kisha mwambie kapita mwenyewe. Kama naye anavuta, sigara yake ndiyo ngumu kuliko zote kuikataa.

Wengi wenu mko kwenye likelemba, mnajua kutunza pesa za pamoja. Fanyeni likelemba ya sigara. Kila jioni kila mmoja anaweka faranga ambazo angenunulia sigara, hata kama ni za vipande vitatu. Mkifika mwezi mmoja mnagawana, au mnanunua kitu ambacho mke na watoto watakiona kwa macho. Nimesikia makundi mengine yanamtoza faini anayeteleza. Hapo sikubaliani nao kabisa. Mtu anayeogopa faini atavuta nyuma ya choo, na akishaanza kujificha mmeshampoteza. Anayeteleza aseme siku ile ile, aendelee kuweka pesa zake, na wenzake wamuulize jambo moja tu: ulikuwa wapi, na nani, ilipokushika? Jibu hilo litawasaidia wote watatu kesho yake.

Tuje kwenye mwili. Ukivuta, nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Haikai: baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshapungua kwenye damu, ndiyo maana mkono unarudi mfukoni. Ukiacha, ubongo unadai. Madai hayo huwa makali zaidi katika siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne. Hasira za haraka, usingizi wa vipande vipande, njaa isiyokwisha, tumbo kufunga, kichwa kisichotulia kwenye kazi: yote hayo ni ya kawaida, hujarogwa na wala hujapata ugonjwa mpya. Na wakati unateseka hivyo, faida imeshaanza. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo yanashuka. Saa 12 baadaye ile hewa chafu ya monoksidi ya kaboni, ambayo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, imerudi kiwango cha kawaida. Kwa anayeshuka shimoni, ambako hewa ni kidogo tangu mwanzo, hiyo si faida ndogo.

Hamu yenyewe, wadogo zangu, haidumu saa nzima. Inapanda, inakaza dakika chache, inashuka, uvute usivute. Kwa hiyo kazi yako ni kuzivuka dakika hizo. Ondoka pale ulipo, hata kama ni kwenda tu upande wa pili wa lori. Kunywa maji polepole. Vuta pumzi ndefu puani, itoe taratibu mdomoni. Tafuna kipande cha tangawizi au karanga za kukaanga, au mumunya muwa; si dawa, lakini mdomo na mikono vinapata kazi. Kisha piga simu, na hapa ndipo yule mtu wako wa pili anapohitajika. Asikuhubirie. Akuulize habari za mpira, akusimulie bei ya unga, akushike kwa maneno mpaka dakika zipite. Kama salio limekwisha, kubalianeni alama: ukimbipu mara mbili, anajua, anakupigia yeye. Mkiwa na kundi la WhatsApp, litumieni kwa hayo hayo, na saa zenye shida ziandikwe: baada ya chakula, baada ya kazi, usiku wa zamu.

Kuna jambo la kahawa ambalo watu hawaambiwi. Moshi wa sigara hulifanya ini liiondoe kahawa mwilini haraka. Ukiacha kuvuta, kikombe kile kile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi, na unatetemeka, moyo unaenda mbio, usiku hulali. Wengi wanadhani ni sigara inawaita, kumbe ni kahawa. Punguza iwe nusu kwa wiki za kwanza. Nawaambia hasa madereva mnaopeleka shaba na kobalti Kasumbalesa, mnaokesha kwenye foleni ya mpaka kwa kahawa na sigara. Ukiacha kimoja, cha pili kiguse kwa uangalifu. Na usingizi ukizidi, simamisha gari ulale. Sigara haikuwahi kuwa usingizi.

Bia na lutuku, hapo sitazunguka: mwezi wa kwanza kaa mbali navyo. Mtu aliyevumilia siku kumi kwenye vumbi na jua anaangukia kwenye meza ya bia kwa nusu saa. Jioni kunywa munkoyo ambao haujachacha, ukae na watu wasiovuta. Wala usihamie kwenye bangi, maana ikisokotwa pamoja na tumbaku, nikotini inarudi kwa mlango wa nyuma. Tumbaku ya pua ya bibi vilevile ni nikotini.

Sasa nyinyi mama za nyumba, na dada zangu mnaoishi na mtu anayeacha. Wiki hiyo ya kwanza nyumba itakuwa nzito. Atafoka kwa sababu ya chumvi kwenye sombe. Hilo halimpi ruhusa ya kukutukana wala kukupiga, hata siku moja, na kama mkono unainuka, sigara si udhuru. Lakini kama ni manung'uniko tu, yaache yapite, na chonde, usimwambie "heri ungerudia sigara yako." Neno hilo limewarudisha wanaume wengi. Usimnuse kila akiingia mlangoni kama polisi. Muulize, "Leo ilikubana saa ngapi?" Akikwambia, umeshakuwa mtu wake wa pili.

Nao wanawake wanaovuta, ambao hakuna anayewataja, nawataja mimi. Wapo wanaoosha mawe, wapo wauzaji wa usiku, wapo mama wanaovuta uani watoto wakilala. Mwanaume akiacha anapongezwa. Mwanamke akitangaza kuacha, watu wanashtuka kwamba kumbe alikuwa anavuta. Dada, wewe huna deni la kutangaza sokoni. Tafuta mwanamke mmoja tu unayemwamini, na ukiwa na mimba, mwambie muuguzi wa kliniki, maana moshi humfikia mtoto tumboni. Na huyo utakayemwambia asikucheke. Akikucheka, tafuta mwingine, wapo.

Kikohozi cha baada ya kuacha kinawatisha wengi. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi na vumbi kwenda nje. Moshi huvilemaza. Ukiacha vinaamka, vinaanza kazi, na unaweza kukohoa zaidi kwa wiki kadhaa kabla ya kupata nafuu. Mtu asikwambie kwamba sigara ndiyo iliyokuwa inakutibu kifua. Huku kwetu vinyweleo hivyo vina kazi kubwa kuliko mahali pengi. Malori ya migodi yanatutimulia vumbi kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, na wachimbaji wanavuta vumbi la mawe mwaka mzima. Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, wakiwemo wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya watu wa Kasulo kule Kolwezi, mtaa uliogeuka mgodi watu wakichimba kobalti chini ya nyumba zao. Kobalti kwenye mkojo na damu yao ilikuwa nyingi kuliko ya watu wa mtaa wa karibu, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Vumbi hilo wewe peke yako huwezi kulisimamisha. Hilo tunawadai wenye migodi na serikali, na tuendelee kuwadai. Moshi wa sigara uko mikononi mwako. Ila kikohozi kikipita wiki mbili, au ukitema damu, au ukitoka jasho usiku na kukonda, usiseme ni sigara inatoka. Nenda ukapimwe kifua kikuu. Sigara huongeza hatari ya ugonjwa huo, na dawa zake hutolewa bure.

Ukifika kituo cha afya, mwambie muuguzi kwamba unaacha. Congo iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005, na kifungu chake cha 14 kinataka nchi iwasaidie wanaoacha. Mwaka 2024 shirika hilo lilitoa mwongozo unaosema kwamba hata ushauri wa sekunde 30 hadi dakika 3 kutoka kwa mhudumu wa afya una maana, basi udai huo ushauri. Bazoka na plasta za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu za shirika hilo tangu 2009. Ukizipata famasi ya Kolwezi au Lubumbashi na mfuko ukiruhusu, zinasaidia kweli. Bazoka hiyo haitafunwi mfululizo: iume mpaka uhisi inawasha, iweke shavuni, subiri, iume tena. Ukikosa dawa, usingoje ipatikane ndipo uanze.

Na siku ukiteleza? Sigara moja ni sigara moja. Balaa ni lile wazo linalokuja nyuma yake, kwamba kwa vile umeshaharibu, bora umalize pakiti. Itupe, mwambie mwenzako kabla hujalala, na kesho endelea na hesabu ile ile ya siku zako. Watu wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja. Lakini kama huzuni inakuzidi mpaka unawaza kujidhuru, usimngoje mtu wa likelemba. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, mtu akusindikize.

Kwa wewe usiyevuta, unayesoma haya ukimfikiria kaka, mume au mwenzako wa kazini: usingoje akuombe. Mwendee leo jioni, mwambie, "Siku ukiamua kuacha, namba yangu unayo, hata saa nane ya usiku." Kisha iache simu yako wazi.