SOMO LETU: BARUA PEPE IKIRUDI, SOMA SABABU YAKE

Somo la leo limetokana na jambo lililotupata wenyewe hapa Kariandusi. Kikundi chetu kilituma kwa barua pepe ombi la kusaidiwa tangi la maji. Tukangoja wiki tatu, kimya. Wengine wakasema tumekataliwa. Wengine wakaanza kumshuku katibu, eti pesa za saiba alikula na barua hakutuma.

Katibu aliporudi saiba pale Gilgil, alikuta ile barua ilirudi siku ile ile ya kutumwa. Herufi moja ya anwani iliandikwa vibaya. Lakini sasa tarehe ya mwisho ya maombi ilikuwa imepita siku mbili. Basi tangi tulilikosa bila kukataliwa na mtu, na katibu wetu alisemwa bure.

Barua husafiri namna gani?

Anwani ya barua pepe ina sehemu mbili, katikati kuna alama ya @. Kushoto ni jina la mwenye sanduku. Kulia ni jina la posta inayotunza sanduku hilo, yaani kompyuta ya kupokea barua. Kompyuta yetu huitafuta kwanza hiyo posta, kisha huuliza: sanduku hili liko?

Mnajua kwamba namba ya posta ya Gilgil ni 20116, na ya Naivasha ni 20117. Ukikosea tarakimu moja, karani anaweza kusoma jina la mji akakusahihishia. Kompyuta haikisii. Ukisahau nukta moja tu katika jina la posta, barua haifiki.

Ikishindwa, unaletewa taarifa kutoka kwa "Mailer-Daemon" au "Mail Delivery Subsystem". Msishtuke na jina hilo, si shetani. Ni programu tu inayofanya kazi kimyakimya ndani ya kompyuta.

Sababu zenyewe

Ndani ya taarifa hiyo mara nyingi kuna namba ya tarakimu tatu. Utaratibu huu ulikuwako tangu 1982. Tazameni tarakimu ya kwanza:

1. Ikianza na 4, shida ni ya muda. Pengine kompyuta ya upande wa pili imezimika au ina kazi nyingi. Yetu huendelea kujaribu yenyewe, hata kwa siku kadhaa. Ngojeni.

2. Ikianza na 5, imekataa kabisa. Kutuma tena vile vile ni kazi bure. Rekebisheni kwanza.

Zinazotokea sana ni hizi:

- Sanduku halipo. Namba huwa 550, na mara nyingi kuna maneno "Address not found". Hakikisheni anwani herufi kwa herufi. Namba 550 yaweza pia kutokea kama barua imekataliwa kwa sababu nyingine, kwa hiyo someni na maneno yaliyo kando yake.
- Sanduku limejaa. Gmail hutoa bure gigabaiti 15, na picha zilizohifadhiwa huhesabiwa humo. Mpigieni mwenyewe simu afute vitu.
- Mzigo ni mzito. Gmail haipeleki viambatisho vinavyozidi megabaiti 25. Punguzeni picha, au tumeni kwa mafungu.
- Sanduku limefungwa. Tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti ambazo hazijatumiwa kwa miaka 2. Hata ya kikundi chenu inaweza kupotea hivyo.

Tena si kila barua isiyofika hurudi. Nyingine hutupwa katika barua taka za mpokeaji, na hamtaambiwa lolote.

Tujifunze kwa Nuhu

Katika Mwanzo sura ya 8, Nuhu alimtuma njiwa, naye akarudi kwa kuwa hakupata mahali pa kutua. Nuhu hakumlaumu njiwa. Alijua kwamba maji bado yako. Akangoja siku saba, akamtuma tena. Hata sisi, kile kinachorudi kinatuletea habari, na katibu wa kikundi asihukumiwe kabla habari hiyo haijasomwa.

Mambo ya kufanya

1. Anwani iandikwe kwenye karatasi, watu wawili waisome kwa sauti kabla ya kutuma.
2. Fungueni sanduku tena siku hiyo hiyo, halafu kesho yake, halafu baada ya juma moja.
3. Pigeni simu ofisini mwulize: barua yetu imefika?
4. Msingoje siku ya mwisho. Tumeni wiki mbili mapema, ili ikirudi muda uwepo.
5. Neno la siri lijulikane na maofisa wawili, wala lisiachwe saiba.
6. Jihadharini na matapeli. Taarifa ya kweli ya barua iliyorudi haiwaombi neno la siri. Mkiombwa, futeni.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni nani kati yetu anayefungua sanduku la kikundi? Akisafiri, nani atafungua?
2. Je, tumewahi kumlaumu mtu kwa barua ambayo hatukuifuatilia?
3. Leo hii, sanduku letu lina nini ndani?

Kabla ya mkutano ujao, mtu mmoja atumwe akalifungue. Sisi tumeshaandika ombi la pili, na safari hii tumepiga simu. Imefika.