Tano na Ishirini: Mpangilio wa Baiti katika Ulinzi wa Nywila

Makala haya yanafafanua mpangilio wa baiti kwa kuulinganisha na utajaji wa namba. Kiswahili kilikopa neno ishirini kutoka Kiarabu, lakini hakikukopa mpangilio. Kiarabu husema "tano na ishirini". Kiswahili hutanguliza ishirini. Kikamba, kinachozungumzwa Kwa Vonza na Kitui nzima, nacho hutanguliza makumi.

Kompyuta nazo zimegawanyika vivyo hivyo. Namba ya baiti nne, 12 34 56 78, huhifadhiwa hivyo au kinyume chake: 78 56 34 12. Mwaka 1980, Danny Cohen aliubatiza mgogoro huo kwa majina kutoka riwaya ya Jonathan Swift ya 1726, ambamo watu hupigana kuhusu ncha ya kupasulia yai.

Mfumo makini hauhifadhi nywila yenyewe, bali heshi, yaani matokeo ya hesabu isiyorudishwa nyuma. Kanuni ya MD5 (1992), ambayo sasa si salama, hutanguliza baiti ndogo. SHA-256 hutanguliza kubwa. Mwandishi wa programu akizichanganya, heshi hubadilika kabisa.

Hatari ni kwamba kosa hujificha. Programu iliyokosea wakati wa kuhifadhi hukosea vilevile wakati wa kuhakiki, hivyo hujikubali. Data zikihamishiwa programu sahihi, wenye nywila halali hufungiwa nje. Kwa hiyo hupimwa kwa jibu linalojulikana: SHA-256 ya "abc" sharti ianze na ba7816bf.

Istilahi zinazopendekezwa ni kubwa-kwanza na ndogo-kwanza, kwani Kiswahili tayari kinaijua tofauti hiyo.