Somo: Mchoro wa Mawazo na Maswali Manne



Wengi wetu hapa Nkololo tunalima pamba, nasi huipokea bei iliyopangwa na wengine. Je, ndiyo njia pekee? Tujifunze.

Katikati ya karatasi tuandike PAMBA, tuizungushie duara. Tuchore matawi mawili: nyuzi na mbegu. Mbegu ni karibu theluthi mbili ya uzito wa pamba tunayouza. Katika tawi hilo huchipuka mafuta ya kupikia na mashudu ya ng'ombe.

Kisha kila tawi tuliulize:
1. Nani anakihitaji kitu hiki?
2. Sasa anakipata wapi?
3. Sisi tunaweza kufanya nini?
4. Kisipouzika, tutapoteza kiasi gani?

Majirani zetu vijana wa Maswa wametengeneza chaki. Mnunuzi wao ni nani? Shule, na shule ziko karibu kila kijiji.

Swali la nne tusiliruke. Mkopo uliochukuliwa kabla ya kulijibu huweza kuondoka na ng'ombe wa nyumba. Hesabu hiyo imo katika Luka 14:28.

Zoezi: Jumamosi hii tuchore pamoja na jamaa zetu. Mtoto ashike kalamu, wazee wajibu.