Kusoma Chati ya Herufi Hakutoshi: Jinsi Retina ya Mzee Inavyopimwa

Mzee anapofika kliniki ya macho, hatua ya kwanza huwa ileile kila mahali. Anaketi mita 6 kutoka kwenye chati ya herufi, anafunika jicho moja, kisha anasoma kutoka herufi kubwa ya juu akishuka chini. Chati hiyo ilibuniwa mwaka wa 1862 na daktari Mholanzi, Herman Snellen, na bado ina kazi. Hata hivyo, ina upungufu unaowahusu hasa wakazi wenye umri wa miaka 50 na zaidi: mtu anaweza kusoma mistari ya chini bila shida ilhali sehemu muhimu zaidi ya jicho lake imeanza kuharibika.

Sehemu hiyo huitwa makula. Ni eneo dogo, lenye upana wa milimita 5 hivi, katikati ya retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kutia uzi kwenye sindano, kutambua sura ya mtu na kusoma ujumbe kwenye simu ni kazi ya makula. Kadiri umri unavyosonga, mabaki ya seli hujikusanya chini yake kama madoa ya manjano. Kwa baadhi ya watu seli hufa polepole, na hiyo ndiyo aina kavu ya ugonjwa. Kwa wengine mishipa dhaifu ya damu huota chini ya retina na kuvuja. Aina hii ya majimaji inaweza kumpokonya mtu uwezo wa kusoma ndani ya wiki chache.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanywa hapa Nakuru mwaka wa 2007 na 2008 miongoni mwa watu wa miaka 50 na zaidi uliondoa dhana hiyo: takriban watu 11 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za mapema, na karibu mmoja kati ya 100 alikuwa amefikia hatua ya mwisho.

Daktari anaweza kupiga picha ya retina na kuona madoa hayo. Lakini picha huonyesha umbo, haionyeshi kazi. Fundi akifungua boneti ataona injini imekamilika. Asipoiwasha hajui inavuta vipi. Ndiyo maana kuna vipimo vya utendaji wa retina.

Kimoja hutumia herufi za ukubwa uleule zinazofifia hatua kwa hatua hadi zikaribie kumezwa na weupe wa karatasi. Kinafanana zaidi na maisha ya kila siku kuliko chati ya kawaida, kwa sababu ngazi ya saruji wakati wa magharibi haijaandikwa kwa wino mweusi. Kingine hupima muda: jicho humulikwa kwa mwanga mkali, kisha huhesabiwa sekunde hadi mgonjwa aweze kusoma tena. Makula yenye afya kwa kawaida hurejea chini ya dakika moja; iliyo gonjwa huchelewa. Hali kadhalika kuzoea giza. Mzee anayetoka juani na kukaa muda mrefu sebuleni kabla ya kuona kiti huenda anaonyesha dalili inayotangulia zile za kwenye chati.

Vituo vichache vikubwa vina mashine inayorusha vimulimuli vidogo kwenye makula, kimoja baada ya kingine, huku mgonjwa akibonyeza kitufe kila anapokiona. Matokeo yake ni ramani ya sehemu zinazofanya kazi na zilizolala. Ramani hiyo hueleza lalamiko ambalo familia nyingi hulipuuza: mzee anasoma herufi moja moja vizuri, lakini neno zima linamponyoka. Ipo pia mashine inayopima umeme hafifu ambao retina hutoa inapopigwa na mwanga, na hiyo haitegemei majibu ya mgonjwa.

Kipimo cha nyumbani hakina gharama. Daktari wa Uswisi, Marc Amsler, alitumia mraba wa sentimita 10 kila upande uliogawanywa kwa mistari kuwa visanduku vidogo, na nukta katikati. Ukurasa wa daftari la hesabu la mtoto, lile la miraba, unaweza kukupa kidokezo ukiutia nukta nyeusi katikati. Vaa miwani yako ya kusomea, shika karatasi umbali wa sentimita 30, funika jicho moja na ukazie nukta macho. Kisha badilisha jicho. Hapa ndipo wengi hukosea: wakitazama kwa macho yote mawili, jicho zima huficha ubovu wa mwenzake, hata kwa miezi.

Mistari ikipinda, ikikatika au ikifunikwa na doa, nenda kliniki ya macho mara moja, usingoje miadi ya mwezi ujao. Kwa aina ya majimaji kuna dawa za kudungwa ndani ya jicho ambazo huzuia uvujaji, ila seli zilizokwisha kufa hazirudi. Mistari ikinyooka, usijihesabu kuwa mzima. Kipimo hiki hukosa dalili nyingi za mapema. Rudia kila wiki, na kama unavuta sigara, acha, kwa kuwa sigara huongeza hatari ya ugonjwa huu.

Wakazi wanashauriwa pia wasichukulie kila ukungu kuwa mtoto wa jicho. Upasuaji wa mtoto wa jicho hubadilisha lenzi ya mbele, hautibu makula. Ukifika kliniki, mweleze mhudumu ni jicho lipi, mistari ilianza kupinda lini, na umwombe akupanue mboni kwa dawa ya matone ili retina ionekane. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwani matone hayo huacha ukungu kwa saa kadhaa.