SOMO LA AFYA: Kufungwa Mirija Si Kwisha kwa Mbegu Siku Ileile



Mwenzetu mmoja wa shamba la chai alikwenda kufungwa uzazi baada ya kupata watoto sita. Wiki ya tatu akaacha kutumia mpira. Mkewe aliposhika mimba, alimfukuza nyumbani akidai ni ya mtu mwingine. Wazee wakaamua mume apimwe, na mbegu hai zikaonekana. Mama yule hakuwa na kosa. Mume hakuwa ameelezwa, na ndiyo maana tumelifanya jambo hili kuwa somo.

Operesheni yenyewe

Mbegu za kiume hutengenezwa katika korodani, zikapita katika mirija miwili, mmoja kila upande. Daktari hutia ganzi, akaikata na kuiziba mirija hiyo. Nguvu za kiume hazipungui, na manii huendelea kutoka kwa sababu sehemu kubwa ya maji yake hutoka mahali pengine.

Kwa nini mbegu hubaki?

Tufikirie bomba la kiwandani. Ukifunga koki kule kwenye tangi, maji yaliyokwisha kuingia bombani huendelea kutoka kwa muda. Ndivyo ilivyo kwa mbegu zilizokwisha kupita mahali palipozibwa. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja miezi 3, na katika muda huo mume na mke watumie njia nyingine ya uzazi wa majira. Zamani watu waliambiwa wahesabu kutoa manii mara 20, lakini hesabu hiyo peke yake si ya kutegemewa.

Njia zinatofautiana

Tutenganishe mambo mawili: namna ya kufungua ngozi na namna ya kuziba mirija. Njia ya kutoboa tundu dogo bila kutumia kisu ilianzishwa na Dakta Li Shunqiang huko China mwaka 1974. Hupunguza damu, maumivu na usaha, lakini haiharakishi kwisha kwa mbegu. Hapo lililo kubwa ni namna mirija ilivyozibwa:

(a) Kukata kipande na kufunga kwa uzi. Hii ni rahisi, lakini mbegu zaweza kupenya tena baina ya ncha mbili zilizokatwa.

(b) Kufunga kwa uzi, kisha kuvuta utando unaozunguka mrija ili ukae kati ya ncha hizo kama ukuta. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kwa uzi peke yake operesheni ilishindikana kwa wanaume karibu 13 katika kila 100. Ulipoongezwa utando, walikuwa karibu 6.

(c) Kuunguza sehemu ya ndani ya mrija kwa kifaa chenye ncha ya moto. Katika uchunguzi mwingine wa mwaka huohuo, walioshindikana kwa njia hii walikuwa kiasi cha 1 katika 100.

Msidhani njia hii ni ya nchi tajiri tu. Mwaka 2010 madaktari wa Rwanda walifundishwa kutoboa bila kisu, kuunguza mrija na kuweka utando, kisha wakawafundisha wenzao katika hospitali za wilaya.

Hata njia bora haiondoi haja ya kupimwa. Baada ya miezi 3, manii yatazamwe kwa hadubini. Mbegu hai zikiwapo bado, endeleeni kutumia mpira na mrudi kupimwa tena. Baadhi ya watu hulazimika kufanyiwa operesheni mara ya pili.

Tudai nini?

Kila mwanachama aelezwe haya kabla ya kutia sahihi. Aamue kwa hiari yake, bila kushurutishwa na meneja wala mnyapara, maana kufungua tena mirija ni kazi ngumu isiyo na hakika. Apewe siku za kupumzika, asibebeshwe magunia katika wiki ya kwanza, na siku ya kwenda kupimwa asikatwe mshahara. Kipimo kinachomkosesha mtu posho ya siku, wengi hawatakwenda.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kwa nini mke aweza kushika mimba baada ya mume kufungwa mirija?
2. Zahanati yetu huziba mirija kwa njia gani, nayo hupima manii?
3. Mkataba wetu wa kazi unasema nini juu ya ruhusa ya matibabu?