Tuchangie nauli ya mgonjwa kabla ya sanda

Ndugu msomaji, hakuna anayejiandaa kuambiwa kuwa ana saratani. Mama anakwenda hospitali kwa sababu ya damu inayomtoka nje ya siku zake, anachukuliwa kinyama kwa ajili ya kipimo, kisha majibu yanarudi na neno ambalo wengi wetu hulisikia kama hukumu ya kifo. Akifika nyumbani, ama hunyamaza mwenyewe, ama jamaa humnyamazisha kwa kuogopa maneno ya watu. Kimya hicho humchelewesha, na saratani haisubiri.

Kwanza, tuache kutuhumu. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, husababishwa na virusi viitwavyo HPV. Si uchawi, wala haiambukizwi kwa kula sahani moja na mgonjwa. Virusi hivyo huenea kwa njia ya kujamiiana, na huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Mke aliyetulia na mume wake anaweza kuvipata. Hivyo anayemnyooshea mgonjwa kidole cha zinaa anasema asilolijua. Tukumbuke kuwa kumsingizia mwanamke zinaa bila mashahidi wanne ni katika madhambi makubwa.

Pili, tuelewe tiba yenyewe inataka nini. Ugonjwa huu ukigunduliwa mapema hutibika. Lakini mionzi, kama inavyotolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo, na mara nyingi huambatana na dawa za kemikali kwa dripu. Mgonjwa aliyetoka Newala au Tunduru hawezi kwenda na kurudi. Anahitaji pa kulala, chakula, nauli, mtu wa kumsindikiza, na mtu wa kubaki na watoto wake. Wapo wanaokatisha tiba katikati kwa kukosa mambo haya, si kwa kukosa imani.

Dua na kisomo ni haki ya mgonjwa, lakini visigeuzwe sababu ya kukosa tarehe ya kliniki. Mtume (S.A.W.) amefundisha kutafuta dawa, na akamwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee. Aidha, mgonjwa asijitese kwa kufunga Ramadhani ilhali anadhoofika. Sheria imempa ruhusa.

Tatu, na hapa ndipo penye mtihani wetu: Muislamu akifariki, msikiti hukusanya fedha ya sanda na kaburi kabla jua halijatua. Jambo hilo ni jema na ni wajibu. Lakini mtu huyo huyo alipokuwa hai, akihitaji nauli ya kwenda kwenye mionzi, nani alipitisha kofia? Mgonjwa aliye fukara anastahiki zaka, maana mafukara na masikini ni wa mwanzo kutajwa katika wanaopewa.

Kila msikiti unaweza kuteua watu wawili au watatu waaminifu, wakiwemo akina mama, wa kushughulikia wagonjwa. Mmoja ashike hesabu ya michango, mwingine atafute familia ya kumpokea mgonjwa mjini, na mwingine apange zamu za kupika nyumbani kwake. Jina lake lisitangazwe bila idhini yake. Siri ya mgonjwa ni amana. Nao wanaokwenda kumtazama wakae kidogo, wamuombee, wala wasimhesabie waliokufa kwa maradhi hayo.

Mwisho, akina baba, tuwaruhusu na kuwasindikiza wake zetu kupima, na mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo ya HPV, ambayo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018.

Ijumaa hii, kabla hamjatawanyika, muulizeni imamu: katika mtaa wetu nani anaumwa, na amebakiza safari ngapi za hospitali?

Wabillahi tawfiq.