Foto bila machini

Wenzetu wanafunzi, wengine wanasema: asiye na machini hawezi kupiga foto. Sisi tunakataa.

Kule Uingereza, tangu 1843 mpaka 1853, mama Anna Atkins alitengeneza foto za mimea ya bahari bila machini. Mimea ile ni midogo, kuichora ilikuwa nguvu. Alifuata njia ya John Herschel ya mwaka 1842: karatasi inapakwa gizani dawa mbili zenye chuma, mmea unalazwa juu yake, inaanikwa juani, kisha inaoshwa kwa maji. Palipopigwa na jua panakuwa buluu, palipofunikwa panabaki peupe. Hata maandiko ya kitabu chake aliyatoa hivyo!

Wapenda foto wa Ulaya wangali wanafanya vile mwezi wa tatu, baridi ikianza kwisha na maua ya kwanza kutoka. Jua lao wakati ule ni dhaifu bado, basi karatasi inakawia nje.

Dawa ikikosekana? Herschel alitumia pia maji ya maua na majani. Tutwange mboga mbichi, tupake maji yake mara mbili tatu, tulaze jani, tufunike kioo. Inaomba siku nyingi za jua, msichoke. Halafu picha ikae ndani ya kitabu, maana juani itafutika yote.